Macho ya Mgawa Dawa

Tarehe kumi na tisa Aprili mwaka huu, masika ikiwa imeigeuza njia yetu kuwa mto wa pili, tulimzika mgawa dawa wa kitongoji chetu. Tulichopoteza ni mtu aliyejua ngozi ya kila mmoja wetu. Mimi binafsi nilipoteza pia mtu pekee aliyenitukana kila asubuhi bila kuniomba radhi jioni, na tangu siku hiyo asubuhi zangu zimekuwa na adabu kupita kiasi.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala ukoo wake. Wanaojua hayo walisimama msibani wakayasema mpaka mvua ikawanyamazisha. Mimi ni fundi baiskeli, nimeishia darasa la saba, na nyumba yangu na yake zilitenganishwa na mgomba mmoja na kamba ya kuanikia nguo. Ninachokijua ni kile kinachoonekana kupitia majani ya mgomba. Na jambo kubwa nililoliona ni hili: mwanamke aliyetumia nusu ya maisha yake kutupa dawa ya kuzuia upofu, miaka yake ya mwisho alikuwa anapofuka, na alificha. Hakuogopa giza. Aliogopa kwamba siku tutakayojua, tutaacha kunywa dawa.

Kwa asiyemjua, usubi ni mdudu mdogo mweusi, ana kibyongo kama mtu aliyepalilia tangu alfajiri, na anaishi pale mto unapokimbia juu ya mawe. Kitongoji chetu kiko upande wa juu wa Kyela, maji yanaposhuka kutoka Tukuyu kabla hayajatulia kwenda ziwani, kwa hiyo mawe tunayo na usubi tunao. Anauma mchana, mtu akiwa anafua au yuko kwenye mpunga, na anaacha mwilini vijidudu vinavyokaa humo miaka na miaka. Ngozi huanza kuwasha, kisha hukunjamana kama ya kenge, kisha miguu hutoka madoa meupe. Kwa wengine mwisho wake ni macho. Dawa yake haina sindano. Ni vidonge, mara moja kwa mwaka, na idadi yake hutegemea urefu wa mtu.

Hapo ndipo matatizo yangu yalipoanzia.

Mgawa dawa alikuwa na fimbo ndefu iliyopakwa rangi. Unasimama nayo bega kwa bega, bila viatu, visigino chini, na rangi inayolingana na utosi wako ndiyo inayosema vidonge vingapi. Watoto kimoja au viwili. Vijana na wanawake wengi vitatu. Wanaume wazima vinne. Mimi ni mwanaume mzima, nina mke na watoto, nina karakana yenye bati jipya, na ile fimbo ilisema vitatu. Mwaka wa kwanza nilidhani imekosea. Mwaka wa pili nilikwenda na kofia.

"Vua," akasema.

"Mama, ni baridi tu."

"Baridi ya Kyela? Vua."

Mwaka uliofuata niliinua visigino. Nilikuwa nimefanya mazoezi nyuma ya nyumba, nikijipima na mlango wa choo, na niliamini nimeiva. Hakuangalia visigino vyangu. Aliangalia shingo. "Mtu anayesimama kwa amani shingo yake haitetemeki," akasema mbele ya foleni nzima, akahesabu vidonge kwenye kiganja changu taratibu, kila kimoja kwa sauti, na tangu siku hiyo jina langu likawa Vitatu. Mke wangu naye huniita kwa jina hilo akiwa amekasirika. Akiwa na furaha huniita hivyo pia.

Msidhani ujinga huu ulikuwa wangu peke yangu. Kwetu vidonge viligeuka cheo. Watu wakigombania mpaka wa shamba utasikia, "Wewe wa viwili unasema nini hapa?" Mwanaume akija kuposa, shangazi wa binti huuliza pembeni kama ni wa vinne. Shemeji yangu ni mrefu kama mnazi, na kila akija kula wali kwangu hutangaza kwamba anakula kwa kipimo cha vidonge vyake. Wageni hudhani ni mzaha. Ni mzaha, lakini mtu mfupi huusikia kwa masikio tofauti.

Niliwahi kumwomba mgawa dawa aniongezee kimoja, cha heshima tu.

"Heshima ya nini?" akauliza. "Mdudu aliyemo ndani yako hajui kwamba wewe ni baba wa familia."

Alikuwa na desturi ya kusalimia miguu. Akisema "ugonile" macho yake yalikuwa kwenye ugoko wako, na alikuwa ameshajua unajikuna wapi kabla hujaitikia. Wanawake walivuta khanga chini wakimwona anakuja. Wanaume wa kaptula walikaa. Hakuwa na haya kabisa. Siku ya harusi ya binti wa jirani aliinama mbele ya bwana harusi, akampandisha suruali kidogo, akatazama, akaishusha, akasema, "Mzima. Endeleeni." Bwana harusi alitoka Mbugani, mjini, ukoo wa wenye maduka, na sidhani kama amewahi kutusamehe.

Akiwa anageuza kakao kwenye mkeka alipenda kusimulia wagonjwa wake wa zamani, kama wengine wanavyosimulia watoto wao. Alisema enzi za usichana wake hukuuliza nani mgonjwa, uliuliza nani mzima. Ugonjwa ulishika watu wa nguvu, wanaolima karibu na maji, wanaofua, wanaochota. Mtu wa umri wangu alikuwa tayari anatembea kwa kupapasa ukuta. Watu walijikuna kwa gunzi la hindi, na waliozidiwa walitumia kigae cha chungu cha Ikombe, maana kucha hazikutosha. "Kanisani," alisema, "mhubiri akinyamaza kidogo tu, unasikia kanisa zima linajikuna."

Kisha dawa ikaja, ikarudi, ikarudi tena, na wagonjwa wakaanza kubadilika. Watoto ndio walioacha kuwashwa kwanza, halafu vijana. Wanangu mimi hawakuwahi kujikuna ila kwa mbu. Mmoja alirudi kutoka shule akaniambia wamefundishwa usubi, akanieleza mimi, baba yake, kama vile mtu anavyoeleza vita vya Wajerumani. Waliobaki ni wazee wenye madoa miguuni, ambao ugonjwa ulishaondoka ukaacha alama, kama bango juu ya duka lililofungwa. Na likazuka kundi jipya ambalo mgawa dawa aliliita watoro: watu wazima wenye afya na simu mbili, ambao siku ya dawa hawapo. Madereva. Wavuvi wanaohamia Matema. Wafanyabiashara wanaopita Katumba Songwe, wanavuka mto kwenda kwa ndugu zao Malawi, wanarudi kipindi cha dawa kikiwa kimepita.

"Zamani ulimfuata aliyekaa mtoni," alisema. "Siku hizi unamfuata mwenye safari."

Kwa watu wazima hakusema uongo hata wa adabu. Kwa watoto alikuwa mwongo wa kutisha: aliwaambia kidonge kikitemwa huota mti mdomoni. Alitupigania tumeze dawa, yeye mwenyewe aliogopa hospitali kama paka anavyoogopa maji. Kichwa kikimuuma alijifunga kitambaa na jani la mgomba, akakaa nalo siku nzima kama malkia. Mwaka mmoja kidole chake cha mguu kilioza kidogo, akaja karakana, akaketi kwenye kigoda changu, akakiweka mbele yangu.

"Paka solusheni."

"Mama, hii ni ya kuzibia tairi."

"Na tairi halijapona?"

Nilipaka. Kilipona. Mpaka leo sijui kama ni kwa sababu yangu, ila wakati ule nilitembea nikijiona daktari, mpaka mke wangu aliponiuliza leo kliniki inafungwa saa ngapi.

Habari ya macho yake niliijua kwa njia ya aibu. Asubuhi moja nilikuwa nimesimama mlangoni napiga mswaki, nikamsikia ananitukana upande wa kamba. Alinitukana vizuri sana siku hiyo. Aligusa uvivu wangu, kelele za nyundo, mbuzi wangu aliyekula mchicha wake, akahitimisha kwa kuniuliza kwa nini simjibu. Sikumjibu kwa sababu hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa akilitukana koti langu lililoning'inia kwenye kamba. Kilichoniuma kwanza, nakiri, ni kwamba koti lenyewe lilining'inia chini sana.

Nikasogea. "Mama. Niko huku."

Akalishika koti, akalipapasa mkono mmoja mpaka kwenye vifungo, akaliachia.

"Umeona?" akauliza.

"Nimeona."

"Basi endelea kuona wewe. Mimi nimeacha."

Nilimwambia twende hospitali. Aliniuliza ili kwenda hospitali tutapita wapi. Nikasema stendi. Akauliza nani yuko stendi. Nikasema kila mtu.

"Umejijibu," akasema. "Wewe hukumbuki dawa ilipoanza. Wanaume waliikimbia, eti inakula nguvu za ndani. Wanawake walisema inaua mimba. Nilipita nyumba kwa nyumba natukanwa na mbwa na wenye mbwa. Miaka, Vitatu. Leo wakisikia mgawa dawa amekuwa kipofu, watasema nini? Watasema amekunywa mwaka baada ya mwaka na bado. Nitakuwa nimeyaharibu yote kwa macho yangu mawili."

Ningekuwa mtu wa maneno ningelipata la kumjibu. Badala yake nikasema nitamsaidia, kwa sauti ya mtu wa vidonge vinne.

Mpango ulikuwa wangu, na niliuona wa akili sana. Siku ya kugawa dawa mimi ningekuwa mshika fimbo. Mtu akisimama ningeitazama rangi, kisha ningekohoa: kikohozi kimoja kidonge kimoja, viwili viwili, hadi vinne. Yeye angehesabu vidonge kwa vidole, maana vidole vyake havikuwa na shida yoyote. Tulifanya mazoezi nyumbani kwake kwa kutumia mbegu za kakao. Alinilalamikia kwamba nakohoa kama mbuzi, nikarekebisha.

Tulifanya hivyo mwaka wa kwanza, ukapita salama. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa. Nilichoona cha ajabu ni jinsi watu wa kwetu walivyokuwa wamezidi adabu ghafla. Kila aliyefika mbele alisema kwa sauti, "Ugonile mama, ni mimi, mama wa fulani, nimekuja na mwanangu wa mwisho." Hata shemeji, ambaye hajawahi kumsalimia mtu kabla ya kukaa, alijitambulisha jina na la baba yake. Nilimwambia mke wangu kwamba maadili yanarudi. Alinitazama kwa muda, akaendelea kupepeta mchele.

Mwaka wa pili, ambao ni huu, nilikuwa na mafua. Nilikuwa nimenyeshewa na mvua barabara ya Ipinda na kifua kilikuwa kinanguruma. Nilijikaza. Foleni ilienda vizuri mpaka alipokuja binti mdogo, mtoto wa jirani wa nyumba ya tatu, mtu wa viwili bila ubishi. Nikakohoa mara mbili. Kisha vumbi la pumba kutoka mashine ya kukoboa likanipata, nikakohoa tena, na tena. Mgawa dawa akahesabu vinne kwenye kiganja cha mtoto.

Mama wa mtoto hakushtuka hata kidogo. Akavirudisha viwili juu ya meza, akasema kwa upole, "Mama, huyu ni wa viwili. Vitatu ana mafua tu."

Kisha mtu akacheka, na mwingine, na foleni yote ikafunguka kwa kicheko, na kilikuwa kicheko cha kirafiki, na ndipo nikaelewa. Walijua. Walijua tangu mwaka uliopita, labda tangu kabla yangu mimi niliyeishi mgomba mmoja kutoka kwake. Majina yale waliyokuwa wakiyataja hayakuwa adabu. Walikuwa wakimsaidia kuona, bila yeye kujua kwamba wanajua haoni. Kitongoji kizima kilikuwa kinatunza siri niliyodhani naitunza peke yangu, na tena walikuwa wakivumilia kikohozi changu.

Nilimtazama mgawa dawa. Naye alikuwa ameanza kutabasamu.

Ila mtu mmoja hakucheka. Alikuwa mama wa vitenge, mwanamke wa ng'ambo ya kijito ambaye huenda Malawi kuuza na kununua, na dada yake ameolewa huko. Alikuwa mtoro mkubwa kuliko wote. Kila mwaka dawa ilimkuta safarini. Siku hiyo, kwa bahati, alikuwepo, na alikuwa anajikuna mgongo kwa mpini wa kitana.

"Subirini," akasema. "Mgawa dawa haoni?"

Akasogea hadi mezani.

"Na dawa hii anakunywa?"

"Kila mwaka," mgawa dawa akasema.

"Mnanipa mimi nimeze kitu ambacho kimempofusha yeye?" Akatoka kwenye foleni, akapandisha mzigo wake kichwani. Alikuwa na sauti ya sokoni, inayofika mbali bila yeye kujisumbua. Wanawake wawili wakamfuata. Kisha kijana mmoja. Foleni ikakatika kama mnyororo mkavu, na wale walioshika vidonge mkononi wakawa wanaviangalia.

Mgawa dawa alisikia nyayo zikiondoka. Alikuwa anazihesabu, naamini. Tabasamu lilikuwa limekwisha. Aliwapa dawa waliobaki, akamaliza, akajifuta mikono kwenye khanga.

"Kesho tunapita stendi," akaniambia. "Nimeshaonekana. Sasa nitajulikana ninaumwa nini."

Mjini tulimkuta daktari wa macho, dada mpole mwenye kurunzi ndogo. Alitazama jicho la kushoto kwa muda, akahamia la kulia, akarudi la kushoto. Kisha akamwomba mama ainue gauni kidogo, akatazama miguu yake. Nilifurahi sana kuona mgawa dawa anasalimiwa miguu.

"La kushoto lina kovu la zamani," daktari akasema. "Ni la usubi. Ulipata ukiwa msichana?"

"Kabla ya dawa."

"Hilo halirudi, mama. Hili la kulia ni mtoto wa jicho. Limezeeka, basi. Hilo tunaweza kulifanyia upasuaji." Akazima kurunzi. "Makovu kama hili la kushoto siku hizi nayaona kwa watu wa rika lako tu. Vijana wanakuja na mengine."

"Dawa haikushindwa?"

"Isingekuwa dawa, na hili la kulia lingekuwa limeshakwenda zamani kama mwenzake."

Mgawa dawa alikaa sawa kwenye kiti. "Daktari," akasema, "rudia hilo kwa nguvu. Benchi la nje limejaa watu wa kwetu."

Na daktari, Mungu ambariki, alifungua mlango akarudia.

Siku walipomtoa bandeji nilikuwa nimekaa mbele yake, nimevaa shati la kanisani. Alipepesa jicho, likatoa machozi, akapepesa tena. Akanitazama kuanzia juu, na safari haikuwa ndefu.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Nilikuwa nimekukumbuka mrefu kidogo," akasema.

Jumapili iliyofuata aliomba kusimama kanisani baada ya matangazo. Hakuwa mtu wa hotuba. Alisema, "Jicho hili lililiwa na usubi kabla kidonge hakijafika kwetu. Hili lingine lilizeeka tu, wakalifungua. Kidonge hakitibu uzee. Kingekuwa kinatibu uzee msingekipata bure, ningekuwa nawauzia." Akakaa. Walioondoka kwenye foleni walirudi zahanati mmoja mmoja, kwa njia za nyuma. Wote isipokuwa mama wa vitenge, ambaye alikuwa ameshavuka Songwe.

Habari za msiba nilizipata nikiwa Mbeya, nimefuata spea. Presha ilimwangusha mchana, ungo wa mchele mapajani. Lakini siku moja kabla ya safari yangu hiyo mama wa vitenge alirudi nyumbani kwake, na mgawa dawa akaja karakana akiwa ameshika fimbo yake na kifurushi kidogo alichopewa na muuguzi wa zahanati kwa ajili ya waliokosa.

"Nipeleke ng'ambo," akasema.

Nilimpakia kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli. Njiani alinitajia kila alichokiona: bati la nani limetoboka, migomba ya nani imelala, nani ameanika nguo wakati mvua inakuja. Kwenye kijito alishuka nikamshika mkono kuvuka magogo, kwa mazoea, naye akaniachia nimshike.

Mama wa vitenge alikuwa barazani kwake, amezungukwa na marobota. "Karibu mama. Karibu Vitatu. Au umeshapandishwa cheo?"

"Bado," nikasema.

"Nimekuletea dawa," mgawa dawa akasema.

"Nilikwambia mimi sinywi. Wewe umekunywa ukapofuka. Mimi sijanywa na naona hadi Karonga, kule Malawi."

"Unaona Karonga, miguu yako huioni. Unajikuna nini?"

"Ni sabuni za kule."

"Mwaka mzima?"

Mama wa vitenge alificha kitana. "Usiku silali," akasema, kwa sauti ambayo sokoni haifiki. Kisha akajirudi, akasimama, akajipanga mbele yetu mikono kiunoni. "Haya. Wanasema jicho limefunguka. Hiki nilichovaa kina rangi gani?"

Mgawa dawa akasogea karibu. Alichukua muda mrefu. Nilipata hofu, na bila kufikiri nikakohoa. Wote wawili wakanigeukia.

"Wewe nyamaza," mgawa dawa akasema. Akashika upindo wa kitenge, akautazama kwa jicho lake moja, kwanza upande wa nje, halafu wa ndani. "Kilikuwa zambarau," akasema. "Sasa sijui nikiiteje. Umeuziwa kitambaa kinachochuja, mwanangu, nawe ndicho unachotuuzia sisi."

Mama wa vitenge alipiga kofi paja lake. Alicheka mpaka akakaa juu ya robota. "Usiseme hayo sokoni," akasema. "Ndaga, mama, asante. Usiseme hayo sokoni." Kisha akafuta macho, akavua ndala, akaja kusimama pembeni ya fimbo. Alikuwa wa vinne. Sikukohoa. Mgawa dawa alisoma rangi mwenyewe, akahesabu mwenyewe, na yule mama akavimeza vyote kwa maji ya kikombe kimoja, akasimama akitusubiri kama anayetarajia jambo litokee.

"Leo na kesho utawashwa zaidi," mgawa dawa akamwambia. "Usiogope. Ndiyo vinakufa."

Tulirudi mvua ikianza. Kijito kilikuwa kimepanda na magogo yalikuwa yanateleza. Nilinyoosha mkono. Hakuushika. Akaninyang'anya fimbo yake niliyokuwa nimembebea, akavuka peke yake, hatua ndogo ndogo, jicho lake likiwa chini, mpaka ng'ambo. Nikafuata na baiskeli begani, nikijitahidi nionekane ni kazi rahisi, na katikati gogo likanikataa. Nilitua kwenye tope hadi magotini, baiskeli juu yangu.

Alisimama ukingoni akinitazama. Hakucheka. Alikuwa anapima.

"Kuna jiwe kushoto," akasema. "Kushoto kwako, siyo kwangu. Mbele kidogo. Hapo. Kanyaga."

Nilikanyaga, lilikuwepo. Nikapanda, nikatua baiskeli, nikainama kunyoosha usukani uliokuwa umepinda. Nilimwambia anisubiri. Nilipoinua kichwa alikuwa ameshafika kwenye kona ya migomba, fimbo begani, na hakuwa amegeuka.